Muulize Shangazi Sabufa: Nina Sauti Moja, Nataka Kwaya

*Shangazi, shikamoo. Nipo Digodigo, narekodia chumbani kwa laptopu ya kaka na maiki ya elfu sitini. Sauti yangu inatoka nyembamba kama uzi wa kushonea. Rafiki alinishauri niikopi, kopi moja niipeleke kushoto, nyingine kulia. Nimefanya hivyo, zimeongezeka kelele tu. Nimelogwa? — Uzi Mwembamba*

Marahaba, mwanangu. Hujalogwa, umepotoshwa, tena na mtu asiye na nia mbaya. Wewe mtoto wa Kisonjo umekua ukiwaona wazee wenamiji wakigawa maji ya mfereji. Mfereji ukigawanywa mara mbili, maji yanaongezeka? Basi na kopi ni hivyohivyo. Zikifanana kila kitu, sikio linamsikia mtu yuleyule, katikati palepale, ila sasa anapaza zaidi.

Kinachonenepesha sauti ni tofauti. Watu wawili wakiimba pamoja, mmoja huwahi kidogo na mwenzake huchelewa. Mmoja hupanda kiduchu, mwingine hushuka. Plagini ya kudabo, yaani ya kuirudufu sauti, inaigiza hayo tu. Inachukua sauti yako, inaichelewesha milisekunde 15 hadi 30 hivi, inaipandisha au kuishusha senti chache, kisha inampeleka pacha huyo pembeni. Senti hizi si za kununulia pipi: nusu toni moja ina senti 100, na kwa kazi yako 5 hadi 10 zinatosha. Ukiweka 40 umeajiri mlevi. Na ukizidisha kuchelewesha, hasa kwenye maneno ya harakaharaka, hutapata pacha bali mwangwi wa korongoni.

Mchezo wenyewe ni wa siku nyingi. Mwaka 1966, kule London, fundi wa studio za EMI aitwaye Ken Townsend aliunganisha mashine za tepu ili sauti ijidabo yenyewe, kwa sababu John Lennon wa Beatles alichoshwa na kuimba kila kitu mara mbili. Kwa hiyo uvivu wako una ukoo mkubwa.

Lakini kabla hujamaliza bando kupakua, imba tena. Narudia: imba tena! Vaa hedifoni, isikilize ile ya kwanza, uifuate. Hiyo ya pili ipunguze isikike kwa mbali, na zile *s* na *t* zimeze. Jaribu kudabo maneno “sisi sote” bila kuzimeza: *s* tatu zako na tatu za pacha zisipokutana, msikilizaji atadhani umekanyaga nyoka. Na blanketi la kitanda litundike nyuma yako unapoimba. Chumba cha bati kinachovuma hakitibiwi na pacha. Ukikidabo unapata vyumba viwili vinavyovuma.

*Shangazi, mimi prodyuza wa hapa Karatu. Kuna jamaa anauza flashi yenye plagini zote duniani kwa elfu tano. Mke wangu anasema za bure zinatosha. Nani yuko sahihi? — Bosi wa Flashi*

Mkeo.

Mpe pole, kisha nenda kapakue Vocal Doubler ya iZotope. Ni bure, inaingia kwenye Windows na Mac, na vya kugusa ni vichache mno: pacha wakae mbali kiasi gani, watofautiane kiasi gani, wasikike kiasi gani. Prodyuza wengi huvivuta vyote mpaka mwisho siku ya kwanza, wimbo ukatoka kama mzinga wa nyuki. Vuta, sikiliza, halafu rudisha nusu. Kwenye kiitikio unaweza kuongeza. Kwenye ubeti mwache mwimbaji asimame peke yake, maana asipokuwa peke yake kwenye ubeti, kiitikio kikiingia hakuna atakayeshtuka.

Kama unarekodi kwa programu ya Reaper, ambayo inakupa siku 60 za kuijaribu na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, huhitaji hata hiyo. Ndani yake mna ReaDelay na ReaPitch. Tengeneza njia mbili za pembeni: ya kushoto iicheleweshe sauti milisekunde 17 na kuishusha senti 7, ya kulia iicheleweshe 25 na kuipandisha senti 7. Usizipe namba sawa za kuchelewesha. Pacha wanaofanana mwendo ndio ugonjwa wa yule kijana wa Digodigo.

Doubler ya Waves ni nzuri, sikatai, na huuzwa kwa punguzo mara kwa mara. Ukiwa na wateja wanaolipa, inunue. Ila flashi ya elfu tano itakuja na kirusi, na kirusi hakijui kipi ni kiitikio na kipi ni picha za harusi yako.

*Shangazi, nipo Malambo. Nataka wimbo wangu usikike kama morani ishirini wananiitikia. Plagini gani? — Olaranyani wa Laptopu*

Baba, unaishi Malambo halafu unatafuta morani kwenye kompyuta? Plagini itakupa watu ishirini wenye koo moja, mama mmoja na mafua ya siku moja. Waombe morani wanne wa kweli, waimbe mara tano, na kila mara wabadilishane nafasi mbele ya maiki, mmoja asogee, mwingine arudi nyuma. Hesabu imetimia. X Plastaz wa Arusha, waliotoa *Maasai Hip Hop* mwaka 2004, walikuwa na Mmaasai wao, Merege, kwenye kundi, na koo lake linafanya kazi ambayo hakuna kitufe kinachoifanya. Wanunulie soda. Hiyo ndiyo bei ya plagini yako.

*Shangazi, nimedabo wimbo, kwenye hedifoni ni asali tupu. Nimeupeleka baa hapa Samunge, sauti yangu imeyeyuka, imebaki ngoma. Kwa nini? — Nimeaibika*

Pole sana. Mwaka 2011 watu walimiminika hapo kwenu kunywa kikombe cha dawa cha shilingi mia tano kwa Babu, na hadi leo kuna wanaodhani plagini nayo ni kikombe: unameza moja, inatibu yote.

Spika ya baa mara nyingi ni moja, au ziko mbili na moja imekufa tangu Krismasi. Hapo kushoto na kulia vinamwagwa kwenye chungu kimoja, na mawimbi ya pacha yanakula ya mwenye sauti. Kabla hujatoa wimbo, bonyeza kitufe cha mono, kisha uusikilize kwa spika ya simu, simu ikiwa mezani kifudifudi. Sauti ikinywea, punguza pacha au badilisha milisekunde. Na sauti kuu isiguswe. Ibaki katikati, kavu.

Najua kwa sababu yalinikuta. Nilitaka upana, nikamgeuzia pacha mmoja mawimbi juu chini, nyumbani nikajiona malkia. Nikaupeleka wimbo baa moja, siitaji, nikawaita majirani wote. Spika ilikuwa moja. Dakika tatu nzima tulisikiliza biti na kikohozi changu cha mwanzo, ambacho nilisahau kukidabo. Mwenye baa bado ananidai soda sita.