Namna ya Kuzuru Sifnos na Kurudi Mjuzi Bila Jasho

Sifnos, kisiwa kidogo cha Ugiriki, kimejengewa jina na vitu viwili: vyungu na kinachopikwa ndani yake. Wenye subira hukaa wiki mbili kuvielewa. Wewe una siku mbili na simu yenye kamera nzuri. Zinakutosha, ndugu yangu. Fuata hatua hizi.

1. Kariri jina moja. Nikolaos Tselementes alikuwa mpishi mwenye asili ya Sifnos. Kitabu chake kilienea Ugiriki hata jina lake likawa neno la kawaida: kitabu chochote cha mapishi huitwa tselementes. Litaje kabla hujaletewa menyu, kisha nyamaza. Ukiendelea utaulizwa umepika nini.

2. Fika chakula kimeiva. Revithada ni dengu, vitunguu na mafuta ya zeituni, hutiwa kwenye chungu Jumamosi jioni, zikalala katika tanuri la kuni hadi asubuhi. Huliwa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Moto umeshakesha kwa niaba yako, kwa hiyo wewe lala. Kijiko cha kwanza kikiingia mdomoni, fumba macho, useme: "Kuni." Basi. Neno moja ni ujuzi. Mawili ni kujieleza.

3. Mtembelee mfinyanzi, ila usiguse udongo. Karakana nyingi zilijengwa ufukweni, kama kule Vathi na Kamares, ili vyungu vitoke tanurini viingie mashuani. Okota kimoja, kigonge kwa kidole, tega sikio. Hujui unasikiliza nini, na hakuna atakayeuliza. Ukikaribishwa kwenye gurudumu, shika kiuno, lalamika mgongo. Udongo haumsitiri mtu.

4. Maliza makanisa yote kwa picha moja. Wenyeji hupenda kusema yako 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Piga lile la Efta Martyres, jeupe juu ya mwamba chini ya kijiji cha Kastro. Yale 364 sema uliyakuta yamefungwa.

5. Aibu ikikubana, kumbuka yai. Wasifno wa kale walitajirika kwa migodi ya dhahabu na fedha, hata wakajenga hazina ya marumaru kule Delphi yapata mwaka 525 KK. Husimuliwa kwamba kila mwaka walimpelekea Apollo, mungu wa huko Delphi, yai la dhahabu tupu, mpaka mwaka mmoja walipompelekea lililopakwa dhahabu juu juu. Apollo akang'amua, bahari ikameza migodi. Wengine husoma hapo funzo la uaminifu. Wewe soma hili: usimpelekee bandia mwenye mizani.

6. Nunua chungu kimoja, kiviringishe kwenye soksi, kiweke kabatini sebuleni. Usikipikie kamwe. Wageni wakija, kigonge kwa kidole, uguse habari za kuni.

7. Bibi akija kutoka kijijini, kifiche haraka. Ukichelewa, atakichukua mwenyewe, atakigonga mara moja tu, na yeye anajua anasikiliza nini.

"Mjukuu wangu," atasema, "hiki kina ufa. Na kile changu, mliponinunulia sufuria, mlikitupa wapi?"