Somo Anajibu: Karavani Yangu Inalala Nje

Majani yamepukutika, karavani zimerudi kutoka maziwani, na barua za vilio zimeanza kuingia. Wiki hii Somo anawajibu Waswahili wa Marekani walionunua nyumba ya magurudumu bila kujiuliza italala wapi.

Somo, shikamoo. Shemeji yangu, mume wa dada, ameifunika karavani yangu kwa turubai la buluu na kuikaza kamba kama gunia la mkaa. Usiku kucha linapiga makofi, majirani hawanisalimii tena. Nimwambieje bila kumuudhi dada?
*Mwenye Turubai, Columbus, Ohio*

Marahaba, mwanangu. Wasikilize majirani. Makofi hayo ni plastiki inayosugua rangi, na ikifika Machi utaona ilipopita. Isitoshe, turubai hilo limeziba matundu ya hewa. Unyevu wa magodoro na mazulia hauna pa kutokea. Kuta zikipoa usiku unageuka matone, na majira ya kuchipua utakuta mito imeota kuvu.

Lakini kosa kubwa la shemeji ni kufunika asichokikagua. Lifungue, subiri siku kavu, weka ngazi upande paa. Kanyaga ubao, usikanyage paa lenyewe. Usipoteze muda katikati, maana paa la karavani huvuja zaidi pale kiwanda kilipolitoboa au kuliunga: kuzunguka matundu ya hewa, chini ya antena, kwenye mishono ya mbele na nyuma. Gundi ya kuzibia ikiwa imepasuka au imebanduka, safisha, kausha, paka mpya inayokubaliana na paa lako. Kama ni la mpira wa EPDM, usilipake chochote chenye mafuta ya petroli. Mpira huo huvimba. Usingoje doa la maji kwenye dari. Doa likionekana, mbao za ndani ya ukuta huenda zimekwisha kuoza.

Ukimaliza, egesha pua ikiwa imeinuka kidogo ili maji yateremke, kisha nunua kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa. Kabla ya kukivisha, zungushia matambara kwenye pembe na kwenye ncha za mifereji, la sivyo zitakitoboa. Kama fedha za kifuniko hazijapatikana, acha karavani wazi: paa zima lisilofunikwa ni bora kuliko paa bovu lililovikwa nguo. Turubai mrudishie shemeji kwa shukrani nyingi, afunikie kuni.

Somo, mume wangu amefungua tangi, maji yakatoka, akasema tayari, baridi ije tu. Mimi nina wasiwasi. Anasema nina wasiwasi tangu siku ya harusi.
*Silali, Minneapolis*

Ya harusi sitayaingilia, ila ya maji una haki. Tangi likiwa tupu, bado yamo kwenye hita, kwenye pampu, kwenye mikunjo ya bomba chini ya sinki, na kwenye lile bomba la kuogea la nje analolisahau kila mtu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ufa wa Januari hauna kelele. Utausikia Mei, mtakapofungulia maji mbele ya wageni.

Mpe kazi hii. Hita ikishapoa, apunguze presha kwa kufungua bomba la maji moto, kisha aimwage yote. Ageuze vali ili hita irukwe, halafu pampu ivute ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda. Afungue bomba moja moja, baridi kisha moto, mpaka kila moja litoe waridi. Choo nacho, na bakuli moja ndani ya kila sinki. Asichukue dawa ya rejeta ya gari: kwa kawaida ni ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu, na mbwa huinywa kwa furaha.

Kisha atoe betri. Betri ya asidi iliyojaa huvumilia baridi kali mno, lakini iliyoisha chaji huganda kwenye nyuzi 7 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, na Minneapolis hiyo ni siku ya kawaida. Iwekwe pakavu, ichajiwe mara kwa mara. Akinung'unika, mwambie wasiwasi wako umeshinda.

Somo, matairi ya karavani yangu yana meno yote, hata vumbi la njia halijayazoea. Fundi anasema yamekwisha. Ananila?
*Mwenye Mashaka, Phoenix*

Hakuli. Tafuta kwenye ubavu wa tairi namba inayoanza na DOT, usome tarakimu nne za mwisho. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la karavani mara nyingi huuawa na jua na umri kabla ya lami kuligusa. Likizidi miaka 5 hadi 7, na nyufa ndogo ubavuni, usilipeleke barabara kuu. Ukiweka mapya, yavike vifuniko vyeupe, yajaze upepo unaotakiwa yakiwa yamepoa, yakalie ubao, na usiyapake mafuta ya kung'arisha. Mng'aro huo ni wa picha tu.

Somo, mama watoto ameacha unga na dagaa ndani ya karavani. Anasema tutarudi Aprili. Panya wanakula dagaa?
*Baba Watoto, Louisville, Kentucky*

Wanakula dagaa, unga, sabuni, godoro na waya za taa. Toa vyote leo. Kisha lala chali chini ya karavani na tochi. Kila tundu linalopitisha bomba au waya, lijaze waya wa kusugulia sufuria. Sumu usiweke, panya atafia ukutani na harufu itawangoja mpaka Aprili. Friji iache mlango wazi.

Somo, baba mkwe anasema karavani ikifungwa minyororo, kimbunga kikija tujikinge humo.
*Mkwe Mtiifu, Houston*

Utii una mipaka. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Mkitangaziwa mapema, ivuteni mbali na pwani. Muda ukiwa mfupi, kunjeni kivuli cha mlangoni, fungeni mitungi ya gesi, ifungeni minyororo, chukueni karatasi za bima, mwondoke bila hiyo karavani. Mwambie mzee kwa heshima zote: kilichotengenezwa kivutwe na gari, upepo nao utakivuta.