Sufuria Zilizovuka Bahari

Binamu yangu anakaa Sinza, mimi nakaa Mwenge. Siku isiyo na foleni, daladala inatufikisha kabla konda hajamaliza kugombania chenji. Bado harusi yake akaipeleka Nungwi, ncha ya kaskazini kabisa ya Unguja. "Ufukweni, kaka, watu wachache tu." Wachache wenyewe 80.

Mchango wa kadi ya dabo nikalipa mapema, maana ukichelewa mhazini anaanika jina lako kwenye kundi la WhatsApp na sifuri pembeni. Nikakata tiketi za boti, kwenda na kurudi, mara mbili kwa sababu nina mke. Chumba nikalipa bei ya Mzungu. Shati jeupe la sare nikashona. Nikajiambia zawadi nishatoa: ni mimi mwenyewe, nimefika mzima.

"Utatunza mikono mitupu?" mke wangu akauliza. "Mwanaume mzima?"

Nikapendekeza bahasha. Akacheka. Kwetu zawadi haikabidhiwi tu, inachezwa: unajipanga nyuma ya mashangazi, unaiinua juu, unaserebuka nayo hadi meza kuu huku MC akitangaza. Ukiinua bahasha, watu wanadhani unajipepea.

Basi tukaenda Kariakoo tukanunua seti ya sufuria saba na mifuniko yake.

Ilikuwa Julai, kusi imechachamaa. Boti ilipoacha bandari ya Dar tu, ikaanza kupiga magoti. Safari ya karibu saa mbili nimekumbatia boksi, sufuria zinalia humo ndani kama ngoma ya unyago. Bwana mmoja jirani yangu, uso umemsawijika, alishamaliza mfuko wake. Akalitazama boksi langu kwa matumaini. Nikamwambia, "Samahani kaka, hii ni ya bwana harusi."

Tukashuka Malindi, tukapanda daladala ya 116, boksi mapajani zaidi ya saa nzima. Jioni nikacheza nalo mchangani. Sijui nani alibuni kutunza ufukweni. Hatua moja mbele, mguu unazama, shangazi aliyenitangulia na blanketi la kilo sita alibaki pale pale kama mnazi, viatu viko chini ya ardhi, MC anamhimiza, "Mama, tusogee!"

Asubuhi maharusi wakanifuata nikinywa chai. "Kaka, sisi tunabaki siku tano za fungate. Wewe si unarudi na boti? Tutangulizie zawadi."

Zawadi zote. Mablanketi manne, chupa za chai sita, saa ya ukutani inayolia kila nusu saa, na sufuria zangu.

Wiki ya sita hii, sebuleni kwangu hakuna pa kuweka mguu. Jana binamu amepiga simu. Nikajua anakuja kuchukua mizigo yake. Kumbe ananiuliza kama naweza kumletea Sinza, maana Mwenge kwake ni mbali.