Mgeni Asiyepiga Hodi

Leeds, Aprili

Shangazi, zile kelele mlizosikia juzi kwenye simu hazikuwa za ugomvi. Tulikuwa na ndege sebuleni.

Nyumba za zamani za huku zina dohani. Siku hizi watu wanapasha nyumba moto kwa gesi, dohani imebaki haina kazi, inatazama mbingu tu. Majira haya kwezi wanahangaika kutafuta pa kutaga, na mmoja akaipenda ya kwetu. Akaporomoka hadi kwenye meko ya sebuleni, masizi mwili mzima, akaanza kuvivamia vioo. Huko kwenu jurawa anaingia kwa tundu la ukuta, anadonoa punje zake za wali, anatokea mlango wa uani na hakuna anayegeuza shingo. Nyumba za huku zimezibwa kama chupa ya dawa, baridi isipenye. Kilichoingia hakitoki bila kikao.

Na kikao kikakaa. Baba watoto kashika ufagio, watoto wako juu ya makochi. Mjomba, kwenye simu ya video, akauliza kama Uingereza manati haziuzwi, halafu akauliza: amenona? Nikamwambia ndege wa porini huku analindwa na sheria ya mwaka 1981, ukimuua ni kesi. Akataka kujua hiyo sheria inasemaje kuhusu pazia langu jipya.

Aliyetuokoa ni bibi wa nyumba ya pili. Alikomea mlangoni, maana kwa imani za wazee wa huku ndege akiingia ndani ni dalili ya msiba. (Wewe na bundi wako mngeelewana naye sana.) Lakini amri alizitoa hapo hapo. Ufagio chini: ndege akifukuzwa hukimbilia juu, na darini hakuna dirisha, atajibamiza mpaka azimie. Milango ya vyumbani ifungwe. Taa zizimwe. Mapazia yote yashushwe isipokuwa la dirisha moja, na hilo dirisha lifunguliwe lote; kioo hakioni, ila mwanga ataufuata. Kisha tutoke, tumwache peke yake, kimya.

Dirisha lilimuuma Baba watoto, ambaye bili ya gesi anaijua kwa moyo. Mimi nilishindwa na hicho kimya. Watu wa Tanga tuache jambo lijiendee bila kulisemea? Tulipokwisha kunyamaza sote, Mjomba alikuwa bado anatoa maelekezo chini ya mto wa kochi. Ndipo nikamkatia simu.

Tulisubiri kwenye korido na makoti yetu. Tulipochungulia, kwezi alishaondoka, kaacha sahihi yake nyeupe juu ya televisheni.

Bibi anasema tuweke wavu juu ya dohani, lakini kwanza tuhakikishe hamna kiota, kwa sababu kiota kinachotumika nacho kinalindwa na sheria hiyo hiyo mpaka makinda waruke. Leo asubuhi nimekuta nyasi kavu zimedondoka mekoni. Mjomba usimwambie.