Kuku Kala Bata, Mimi Nakula Baridi

Jamani, huku Minnesota Januari ikiingia usiniulize habari. Nyuzi 25 chini ya sifuri. Ukipenga kamasi, imeshaganda. Na alfajiri hiyohiyo mimi niko uani na ndoo. Nahudumia nani? Kuku!

Kwetu Tanga kuku alikuwa anajijua. Anazurura huko, usiku anapanda mwembe, siku moja anatokea na vifaranga. Nani alimuuliza kalalaje? Huku kuku ana madai.

Anataka maji. Ukimwekea, ukigeuka tu, barafu. Ikabidi ninunue chombo cha umeme cha kuyapasha. Basi wanakunywa vuguvugu, mabosi wale. Mimi hita ya chumbani imekufa, nimeambiwa nivae soksi.

Nikasema niwatundikie taa ya joto, yaishe. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyefuga kuku tangu mtoto, akaniuliza kama nina bima ya moto. Eti taa hizo zikidondokea maranda, banda linakwenda na nyumba inafuata. Kuku mwilini ana nyuzi kama 41, na koti lake la manyoya havui. Kinachomuumiza ni unyevu. Pumzi na kinyesi vinatoa mvuke, baridi ikiukuta, upanga wa kichwani unaganda, unakufa. Kwa hiyo juu ya banda pawe na matundu, chini upepo usipite. Na mimi nilishaziba kila tundu, turubai jipya! Mzee akalibandua lote, mama watoto amesimama dirishani anacheka. Hela ya turubai sijarudishiwa.

Halafu upanga wenyewe unapakwa mafuta ya mgando. Usiku, tochi mdomoni, kuku nimembana kwapani, namsugua kichwa. Yeye kichwa kinang'aa, mimi midomo imepasuka na kopo limekwisha.

Na kutaga hawatagi! Kumbe kuku anataga kwa mwanga. Anataka saa 14 mpaka 16 kwa siku, na Desemba huku jua halifikishi hata 9. Nikafunga balbu inayojiwasha yenyewe alfajiri. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu jioni ikizimika ghafla, waheshimiwa wanabaki sakafuni gizani, hawazioni fito za kulalia. Sasa balbu inawaka saa kumi usiku, inanimulika usoni kitandani. Mama watoto anasema vizuri, niamke kabisa nikaangalie mayai, maana yakichelewa kuokotwa yanaganda na kupasuka. Akavuta blanketi. Lote.

Juzi hatimaye likapatikana yai. Zima, bado la moto. Nikaweka kikaango jikoni, nikakata kitunguu. Kugeuka, mama watoto kalifunga kwenye leso, anavaa buti.

"Nampelekea mzee wa watu. Bila yeye tungekuwa na mayai sisi?"

Kitunguu nimekila na mkate.