Sifa za Makubaliano ya Waungwana

Tarehe 24 Agosti 2021 waungwana watatu walikaa mbele ya kamera za kompyuta, kila mmoja kwake, wakautangazia umma kwamba wamekubaliana. Kevin Warren alikuwa kamishna wa Big Ten, ligi ya vyuo vikuu iliyotanda kutoka Nebraska hadi New Jersey. Jim Phillips alikuwa na ACC, ligi ya mwambao wa Atlantiki. George Kliavkoff, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili kazini, alikuwa na Pac-12 ya mwambao wa Pasifiki. Nyuma yao vilisimama vyuo 41, na wakuu wa vyuo hivyo waliunga mkono kwa kauli moja. Umoja wao waliuita Muungano, basi. Waandishi wakauliza mkataba uko wapi. Wakajibiwa kwamba mkataba haupo. Karatasi hakuna, saini hakuna. Wametazamana machoni, wanaaminiana, na hayo ni makubaliano ya waungwana.

Mimi nataka kuyasifu makubaliano hayo, maana wa kuyacheka wameshatosha. Yalidumu miezi 10 na siku chache. Yakauawa na mmoja wa wale wale walioyaunda. Wengi wanaona hapo pana aibu. Mimi naona ustadi ambao wanadiplomasia wa dunia hii hawajaufikia.

Kwa msomaji ambaye mpira huu wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, umempita mbali, maelezo machache. Kule vyuo vikuu huendesha timu kwa fedha ambazo klabu zetu kongwe huziota tu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi ya watu zaidi ya 107,000. Wachezaji ni wanafunzi, na kwa miaka mingi ujira wao rasmi ulikuwa ada, malazi na chakula, huku kocha akilipwa mamilioni ya dola. Vyuo hujipanga katika ligi, na ligi ndiyo inayouza haki za matangazo. Zamani muuzaji alikuwa mmoja, NCAA, msimamizi wa michezo ya vyuo, aliyeamua timu gani ionekane kwenye televisheni na mara ngapi. Mwaka 1984 vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaishinda NCAA katika Mahakama ya Juu, na tangu siku hiyo kila mtu anauza chake. Majaji 7 walikubali, 2 wakakataa. Hoja za kukataa ziliandikwa na Byron White, jaji pekee pale mezani aliyewahi kuucheza mpira huo kwa kulipwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Oklahoma hao hao, Julai 2021, pamoja na Texas, wakatangaza kwamba wanaihama ligi yao ya Big 12 na kwenda SEC, ligi tajiri ya majimbo ya Kusini. Wengine wakashikwa na baridi. Leo kaondoka Texas, kesho ataondoka nani? Ndipo waungwana watatu walipotazamana machoni.

Tazama basi jinsi makubaliano yao yalivyokuwa mepesi. Walisema watachezeshana timu zao, watalinda masomo na maslahi ya wanafunzi, na watakuwa na sauti moja katika mambo makubwa. Hayakuhitaji mwanasheria wa kuyaandika, wala kamati ya kushughulikia kero za muungano, wala bajeti. Hata ile ratiba ya kuchezeshana haikuwahi kufika uwanjani, kwa hiyo hapakuwa na nauli ya kulipa. Mimi sijui mkataba mwingine uliowahi kuwagharimu wahusika kidogo namna hiyo.

Wala msidhani Muungano ulikaa bure. Siku 2 baada ya kutangazwa, Pac-12 ikajiona imara kiasi cha kutangaza kwamba haitaongeza wanachama. Vyuo vilivyoachwa Big 12 baada ya Texas na Oklahoma kuondoka vilikuwa nje, vinatafuta pa kujistiri, na mlango ukafungwa. Kuwa na marafiki ni raha. Kisha, Februari 2022, Muungano ukaonyesha nguvu zake: mpango wa kuongeza timu za mchujo wa ubingwa kutoka 4 hadi 12 ukakwama, kwa kuwa ligi hizo tatu ziliusimamisha. Miezi 7 hivi baadaye wakuu wa vyuo wakaupitisha mpango huo huo wa timu 12. Hiyo ndiyo kazi moja ya Muungano iliyoonekana kwa macho: kuzuia jambo kwa miezi 7.

Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vikubwa vya Los Angeles na nguzo za Pac-12 sokoni, vikatangaza kwamba vinahamia Big Ten. Sio SEC, adui aliyesababisha watu wakutane. Big Ten, mshirika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa kilikula kwa adabu zote. Hakuna kifungu kilichovunjwa, kwa sababu hakukuwa na kifungu. Saini haikukanushwa, maana haikuwapo. Mwezi Agosti Big Ten ikatangaza mkataba wa matangazo na Fox, CBS na NBC unaotajwa kupita dola bilioni 7 kwa miaka 7, na soko la Los Angeles likiwa ndani yake. Huo mkataba, kwa taarifa yenu, uliandikwa.

Wanaolaumu hapo nawaomba watazame upande wa pili, wa wale walioamini karatasi. ACC ilikuwa na maandishi ya kutisha: kila mwanachama alikuwa ameikabidhi ligi haki za matangazo ya mechi zake za nyumbani hadi mwaka 2036, na anayetaka kuondoka alipe faini nzito juu yake. Matokeo yake? Desemba 2023 Florida State, ambao walimaliza msimu bila kufungwa na bado wakanyimwa nafasi kwenye mchujo wa timu 4, walijiandaa kwenda mahakamani. Ligi ikapata fununu, ikamshtaki mwanachama wake kule North Carolina siku moja kabla mwanachama hajaishtaki ligi kule Florida. Machi 2024 Clemson naye akafungua kesi yake South Carolina, na ligi ikajibu kwa kumshtaki kule North Carolina. Kesi 4 katika majimbo 3, mawakili wakila kwa saa, hadi walipomalizana Machi 2025 kwa kugawa upya fedha na kupunguza faini ya kuondoka. Yote hayo kwa sababu mtu aliandika. Muungano wa waungwana ulikufa bila kupeleka hata wakili mmoja mahakamani. Nani alikuwa na busara?

Na ulikufa ukiwa umezaa. Kliavkoff alihangaika mwaka mzima kutafuta televisheni ya kuinunua ligi isiyo na Los Angeles. Wakati huo Big 12, wale wale waliofungiwa mlango, walikuwa wameshamaliza mkataba wao na ESPN na Fox. Mwishoni mwa Julai 2023 Colorado wakaenda huko. Ofa iliyobaki mezani ilitoka Apple, ambayo malipo yake yalitegemea watazamaji wangapi watajiandikisha kulipia. Asubuhi ya tarehe 4 Agosti wakuu wa vyuo walitarajiwa kukutana na kutia saini. Kabla ya jua kuzama Oregon na Washington walikuwa Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah walikuwa Big 12. Septemba mosi Stanford na Berkeley wakaingia ACC kwa mgao uliopunguzwa.

Hesabu yake inapendeza. Big Ten, mshirika, alichukua wanne. ACC, mshirika wa pili, akachukua wawili. Big 12, asiyekuwa mshirika, akachukua wanne. Katika kumi walioondoka, sita waliondokea kwa marafiki. Ushirika ulioje! Angekuwa Kliavkoff peke yake, bila marafiki, pengine wangechukuliwa na watu wasiowajua.

Sasa hivi ligi ya mwambao wa Atlantiki ina vyuo viwili vinavyotazama Pasifiki, na kimoja cha Dallas, SMU, kilichoipenda ligi hiyo hata kikakubali kukaa miaka 9 bila mgao wa televisheni. Big Ten ina vyuo 18 na Big 12 ina 16, kwa hiyo walimu wa hesabu wa Marekani wana kazi. Oktoba 2024 UCLA walisafiri kwenda kucheza na Rutgers, New Jersey, karibu kilomita 4,000 kutoka kwao. Ikiwa saa 6 mchana kule, Los Angeles ni saa 3 asubuhi. Walishinda 35 kwa 32, nawapongeza. Lakini mpira wa wanaume husafiri mara chache kwa msimu, tena kwa ndege ya kukodi. Anayestahili pongezi hasa ni binti wa mpira wa wavu au softiboli, ambaye hakuna televisheni iliyopigania mechi yake, na ambaye sasa anafanya kazi zake za darasani uwanja wa ndege kwa sababu mchezaji mmoja wa timu ya wanaume anatazamwa New York. Kumbuka kwamba Muungano uliapa kulinda masomo na maslahi yake. Haukuandika, lakini uliapa.

UCLA walisema wanakwenda kwa sababu idara yao ya michezo ilikuwa na deni lililopita dola milioni 100, na sababu hiyo sina la kuibishia. Tatizo ni kwamba UCLA na Berkeley ni ndugu wa nyumba moja: vyote ni vya Chuo Kikuu cha California, chini ya bodi moja. Ndugu mmoja alipohama na riziki, mwingine akabaki na upungufu. Mei 2024 bodi ikaamua UCLA iwalipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Waliyageuza masurufu ya talaka kuwa bajeti ya michezo. Sijawahi kuona kadhi akifika mbali kiasi hicho.

Msomaji wa Kenya ana sababu yake mwenyewe ya kuijua Pac-12. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, Henry Rono, mwana wa Nandi aliyekuwa mwanafunzi wa Washington State kule mji mdogo wa Pullman, alivunja rekodi 4 za dunia. Ya kwanza, mita 5,000, aliivunja Berkeley. Ya pili, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliivunja Seattle, kwa Chuo Kikuu cha Washington. Vyuo vyote vitatu vilikuwa ligi moja, na kijana wa Pullman aliyekwenda kukimbia Berkeley alikuwa anakwenda kwa majirani. Leo Berkeley wako kwenye ligi ya Atlantiki. Seattle wako Big Ten. Pullman wamebaki.

Walibaki na Oregon State, wawili tu, katika ligi iliyoanzishwa mwaka 1915. Hapo ndipo sifa zangu zinapofika kileleni. Wale kumi waliokuwa wanaondoka walitaka waendelee kupiga kura kuhusu fedha za nyumba wanayoihama. Wawili wakaenda kwa jaji wa wilaya ya Whitman, ulipo mji wa Pullman wenyewe, akasema bodi ni ya wanaobaki. Mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kuyagusa hayo. Vyuo viwili vikajikuta vinamiliki jina, nembo na hazina ya ligi nzima, vikiwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kucheza naye. Wakaenda wakawachukua Boise State, Fresno State, San Diego State na wengine kutoka Mountain West, ligi jirani ambayo ilikuwa imewapa mechi za msimu wa 2024 wasikae bure. Mnaona? Somo la Muungano limeeleweka hadi chini kabisa. Aliyekuhifadhi wakati wa shida ndiye wa kuanza naye.

Waungwana wenyewe hawakudhurika, na hili ni jambo la kushukuru. Warren alitangazwa Januari 2023 kuwa rais wa Chicago Bears, timu ya kulipwa. Kliavkoff aliondoka mwishoni mwa Februari 2024. Phillips bado yuko ACC, na Stanford yake.

Mapema mwezi huo huo wa Februari 2024, SEC na Big Ten, ligi mbili kubwa zilizobaki, zilitangaza kwamba zinaunda kikundi cha pamoja cha kutafakari mustakabali wa michezo ya vyuo. Taarifa yao ilisema kikundi hicho hakina mamlaka ya kuamua lolote peke yake, ni cha kushauriana tu. Mwezi uliofuata ukatoka mgao mpya wa fedha za mchujo kuanzia mwaka 2026, katika mkataba wa ESPN unaotajwa kufika dola bilioni 1.3 kwa mwaka: SEC na Big Ten kila mmoja karibu asilimia 29, ACC asilimia 17, Big 12 asilimia 15. Mashauriano yasiyo na mamlaka yamezaa matunda haraka. Safari hii wanaotazamana machoni ni wawili tu, na kila mmoja amesharidhika na mwenzake, hasa na vile vyuo viwili vitatu vya mwenzake ambavyo vingependeza sana kwenye ramani yake.