Kahawa Iliyoingiliwa

Sisi watu wa Tanga kahawa chungu tunaijua: kikombe kidogo, kashata pembeni, na mabishano ya barazani yasiyo na mwisho. Mtu akizidisha sana, tangawizi. Sasa njoo huku Dakar uagize kahawa barabarani. Utapewa kikombe cha plastiki, sukari imeshajazwa bila wewe kuulizwa, kisha funda la kwanza linakukwaruza koo na kukuachia moshi puani. Hiyo ndiyo kahawa ya Touba, na mchokozi humo ndani anaitwa djar.

Djar ni tunda la mti wa misituni: kiganda cheusi chenye vifundo, kimepinda kama kidole cha bibi mwenye baridi yabisi. Wasenegali hukikaanga pamoja na buni, wakasaga vyote, wakachuja kwa kitambaa. Muuzaji huimimina kahawa kutoka kikombe hiki hadi kile, mkono juu kabisa, mpaka itoe povu. Nami nimesimama karibu, na shati jeupe.

Na usithubutu kulalamika. Utaambiwa ni kinywaji cha Sheikh Ahmadou Bamba, mwanzilishi wa tarika ya Murid, ambaye Wafaransa walimpeleka uhamishoni Gabon mwaka 1895, akarejea mwaka 1902, na inasimuliwa kuwa alirudi na kiungo hicho. Haya, bishana na walii kwa sababu ya koo lako.

Nyumbani nako sina kimbilio. Jirani yangu Mwigbo wa Nigeria anakiita uda, na hukitia kwenye supu ya pilipili, ile wanayopewa kwao wanawake waliojifungua. Mimi nilikuwa na mafua tu. Alinisimamia mpaka bakuli likaisha, huku akinifundisha kuwa mbegu ni chungu, harufu yote iko kwenye ganda. Pua zilizibuka, siwezi kukataa. Na masikio pia. Mghana wa ghorofa ya juu naye anakiita hwentia, anakitia hadi kwenye juisi ya rosela. Rosela imemkosea nini?

Nikampigia mama simu, nikitarajia pole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho kiganda, kinafaa kwa magoti?"

"Sijui, mama."

"Basi niletee kilo. Na muulize huyo jirani, kwenye pilau kinatiwa kiasi gani?"

Nimemwambia watu wa forodha hawaruhusu.